Kuta Nyeupe za Mjini

Niliondoka Wote, huku Makueni, kwa sababu ya fomu. Fomu hiyo niliijaza mwenyewe kwa wiki mbili nzima, na kila ukurasa ulinirudisha katika mtaa nilikozaliwa, hata nikawa naunguza chakula. Mliokuja kunitembelea siku zile mlinikuta nikiwa na macho mekundu mkadhani ni moshi. Haukuwa moshi. Nilikuwa napakumbuka kwetu.

Kwetu ni Kitui, katika mtaa unaoitwa Mjini, ingawa mji wenyewe uliuhama zamani ukaenda kukaa kando ya lami. Walioujenga walikuwa wafanyabiashara waliopanda na misafara kutoka pwani, wakaoa binti za Wakamba, wakabaki. Sisi ndio vitukuu vyao: sokoni tunasema Kikamba na nyumbani Kiswahili, na tukigombana tunachanganya. Nilipoolewa Makueni na mkulima wa machungwa niliingia kanisani kwake nikapewa jina la Ruth, na sijutii. Lakini dada yangu Zaina, aliyebaki katika nyumba ya mama, hajawahi kuniita Ruth hata kwa bahati mbaya. Kwake mimi ni Rukia, mdogo wake.

Shirika moja la nje lilikuwa linatoa ruzuku ya kuhifadhi na kuendeleza mitaa ya kale ya jamii ndogo mijini. Wangetengeneza mapaa na mitaro, wangeingiza maji, na wangewapa kina mama wanaosuka mikeka mahali pa kuuzia. Masharti yalikuwa mengi, ila moja ndilo lililobeba mengine yote: mtaa lazima uwe na nyumba kumi au zaidi ambazo kuta, milango na baraza zake ni zilezile za tangu mwanzo. Sisi tulikuwa nazo kumi na tisa. Nyumba ya mama niliiandika ya kwanza.

Niliiandika ya kwanza kwa sababu ilikuwa hatarini. Nusu yake ni mali ya binamu zetu, na binamu walikuwa wamepata tajiri anayetaka kuibomoa ajenge hosteli ya wanafunzi. Niliwabembeleza wangoje. Tukaelewana hivi: nyumba ikiingia katika ruzuku haiuzwi, na Zaina anakaa humo mpaka Mungu atakapomwita; isipoingia, wanauza. Zaina ana miaka sabini na moja na hajawahi kulala kwingine isipokuwa hospitali.

Tukavuka hatua ya kwanza. Ujumbe ukaja kwamba mkaguzi angefika Alhamisi ya mwisho wa mwezi, apite mtaani nyumba kwa nyumba. Siku ileile nilimpigia Zaina simu nikamwambia wageni wanakuja kuutazama mtaa, wajitayarishe. Alipiga kigelegele sikioni mwangu. Sikusema zaidi ya hapo.

Jumatatu, saa moja asubuhi. Mume wangu, Baba Mutua, alikagua magurudumu ya pikapu yetu kana kwamba naenda Kongo. Akaniwekea gunia la machungwa nyuma, akafunga kamba, akasimama dirishani. Yeye ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyachagua ili yaume. "Mama Mutua," alisema, "ukiwa kule ulikuwa unataka kutoka. Sasa umetoka, unataka kurudi. Siku ukijua unataka nini utaniambia." Nilimwambia alishe ng'ombe, nikatia gia.

Barabara ya kwenda Tawa ilikuwa kavu na nyeupe kwa vumbi, na mito yote niliyoivuka ilikuwa mchanga mtupu. Wanawake walikuwa wamechimba visima katikati ya mchanga, wanateka kwa kibuyu, na punda wanangoja. Vilima vya Mbooni vilikuwa kushoto, bado vina kijani kidogo juu. Nilikuwa naimba peke yangu nyimbo za harusi ambazo tangu niokoke sijazisikia, na nilishangaa jinsi maneno yote yalivyokuwa bado yapo.

Tawa, saa nne. Nilipita huko kumwona Bwana Kioko, ambaye zamani alikuwa mpiga picha Kitui na leo anauza mbegu na vitunguu. Fomu ilitaka ushahidi wa picha za zamani, na kwetu hakuna aliyekuwa na kamera. Kioko alikuwa amehifadhi filamu zake zote kwenye kabati la vioo, kila moja ndani ya karatasi yenye jina la mtu, na kwa hisani yake alikuwa amezisafisha kumi na mbili za Mjini.

Aliponiwekea picha mezani aliona ni lazima ajitetee kwanza. "Madam, mimi nilikuwa napiga watu, sio nyumba. Nyumba hakuna mtu alikuwa anailipia," akasema. "Lakini watu wa Mjini walikuwa wanapenda kusimama kwa mlango. Sasa nyumba imeingia tu bila kulipa."

Katika picha ya tano alikuwamo mama. Alikuwa ameketi barazani na ungo wa ndengu magotini, anacheka na mtu aliye nje ya picha, na nyuma yake kulikuwa na mlango wetu. Mlango huo ulichongwa na fundi Mkamba ambaye hakuwahi kufika pwani. Babu yangu alimchorea nakshi mchangani kwa kijiti, naye akachonga kama alivyoelewa, ndiyo maana maua yake yanafanana na majani ya mwembe. Nilikuwa nimesahau kwamba baraza lilikuwa fupi vile. Nilikuwa nimesahau pia kwamba mama aliwahi kuwa mdogo kuliko nilivyo mimi sasa. Nililia waziwazi, na Kioko kwa heshima akageuka akaanza kupanga vitunguu vyake ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Nilimtamani mama siku ile kuliko siku aliyokufa. Siku aliyokufa kulikuwa na wageni wa kupikiwa.

Jumatatu, jioni. Nilivuka Mto Athi jua likiwa linashuka, nikapanda upande wa Kitui, nikafika Tulia kabla giza halijaingia. Nilifikia kwa wifi yangu Kasyoka, dada wa mume wangu, mjane mwenye duka la hadiwea sokoni. Alikuwa amenipikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na kunde, na tulikula mlangoni pa duka ili asikose mteja wa misumari.

Tulipokuwa tunakula alilalamika kwamba safari yake ya Kitui wiki iliyopita ilikuwa bure. Alikwenda kuchukua rangi nyeupe, akapita duka baada ya duka, akaambiwa imeisha, watu wa Mjini wamebeba yote. Simiti nayo walibeba. Nilimuuliza kama aliambiwa kuna harusi ya nani, maana Mjini harusi ndiyo humaliza rangi. Hakujua. Nikaanza kuhesabu mabinti waliofikia umri nikacheka, nikasema afadhali nitakula pilau. Nililala fofofo. Nikikumbuka usingizi ule najionea huruma.

Jumanne, saa tano. Kutoka Tulia mpaka Kitui si mbali, lakini niliendesha polepole kwa makusudi. Nilitaka kuonja. Nilijipangia nitakachoona: kwanza mnara mfupi wa msikiti, halafu mapaa ya mabati mekundu kwa kutu, halafu kuta zetu za udongo na mawe, zenye chokaa iliyobanduka tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na Idi yake. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nabandua matabaka hayo kwa ukucha, nachapwa. Nilikata kona ya kinu cha kusaga, nikazima injini katikati ya njia.

Mtaa wote ulikuwa mweupe.

Sikosei nikisema nilidhani nimepotea. Kuta zilikuwa zimepigwa plasta ya simiti, laini, na juu yake rangi nyeupe inayoumiza macho, na chini mkanda wa buluu kama wa zahanati. Mabaraza yalikuwa yamevunjwa na kumwagiwa simiti upya, yenye pembe kali. Madirisha ya mbao yametoka, ya chuma yameingia. Katika nyumba ya mama, pale ulipokuwa mlango, palikuwa na mlango wa chuma wa kijani, mpya, bado una karatasi ya kiwandani kwenye kitasa. Na mbele yake alisimama dada yangu, amevaa leso mpya, mikono yote miwili amenifungulia.

"Umeona?" akasema. "Umeona, Rukia? Waje sasa. Hatuaibiki."

Alinishika mkono akanitembeza. Alinieleza yote kwa pumzi moja, jinsi alivyowaita watu nyuma ya msikiti siku ileile niliyompigia, jinsi kila nyumba ilivyochanga, walioko Nairobi na Mombasa wakatuma, hata wanakwaya wa kanisa la jirani wakaja kuchota maji na kuchanganya mchanga, maana mgeni wa jirani ni mgeni wako. Kwetu ndivyo ilivyo tangu zamani. Mgeni hapokelewi katika nyumba ya jana. Kabla ya harusi, kabla ya Idi, kabla ya mkwe kufika, ukuta unapakwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji wa Mjini huanza kupona wiki mbili kabla mgeni hajatoka kwao. Niliwezaje kulisahau hilo, mimi niliyechapwa kwa kubandua chokaa?

Alinipeleka mpaka ndani. Alipiga ukuta kwa kiganja, ukatoa sauti ngumu. "Sikia," akasema. "Sasa hata mchwa watafute kwingine. Chakula changu hakiingii vumbi. Nimekula wiki nzima bila kufunika sahani." Uso wake ulikuwa umerudi ujanani. Sijapata kumwona dada yangu na furaha ile tangu tukiwa wasichana.

Aliniambia jambo moja tu lilimkera. Nyumba tano za mstari wa nyuma, kwa Mama Saumu msukaji mikeka na majirani zake, hazikuguswa. Hawakuchanga, wengine hawakuwa nacho, wengine walisema wanangoja kwanza waone. Zaina alikuwa amewasema hadharani, na Mama Saumu hakuwa akimsalimia tena. Mpango wa dada yangu ulikuwa mkaguzi asifike huko. Angempitisha mbele na kumwingiza kula.

Nilijikaza nikauliza milango ya zamani imekwenda wapi. Akasema amempa fundi, Musyoka wa Zombe, akaifanye kuni. Nikamwambia kesho nitakwenda Zombe. Alinitazama kwa mshangao, halafu akacheka, akasema watu wa Makueni wana mambo.

Jumatano, asubuhi. Njia ya Zombe inaelekea mashariki, na kadiri unavyokwenda ndivyo miti inavyofupika na mbuzi wanavyoongezeka. Niliendesha nikijisemesha. Nilikuwa na hasira na Zaina, kisha nikawa na hasira na shirika, kisha nikafika pale hasira ilipokuwa inanipeleka tangu mwanzo, yaani kwangu. Nilikuwa nimefundisha miaka thelathini na minne. Nilijaza kurasa nyingi kumweleza mtu wa mbali kwa nini ukuta wa udongo una thamani, na dada yangu anayelala ndani ya ukuta huo sikumweleza kwa neno moja.

Musyoka nilimpata nyuma ya soko, kwenye boma safi lililofagiliwa. Ni mzee mnene mwenye mikono mikubwa, shemasi kanisani kwao, na alifurahi kupata mgeni kutoka Mjini. Milango mingine ilikuwa imepasuliwa tayari. Wetu hakuupasua. Alikuwa ameufunga kwenye ghala lake la mahindi, na maua yake ya majani ya mwembe yalikuwa yanatazama zizi la mbuzi.

"Hii mbao, mwaitu, mchwa hawezi," aliniambia. Mwaitu maana yake 'mama yangu', ndivyo Mkamba anavyomwita mwanamke anayemheshimu. "Nilisema nikiichoma Mungu ataniuliza."

Nilimuuliza lile nililokwenda kuuliza hasa: kama plasta inaweza kubanduliwa. Aliokota udongo mkavu, akaufinya, akauacha udondoke. Akaniambia simiti ikishika juu ya udongo haitoki peke yake, inatoka na ukuta. Ukibandua unabaki na fito na mashimo. Yeye alimwambia Zaina hivyo kabla hajaanza, kwamba ukuta ule ungedumu zaidi kwa udongo na chokaa, na Zaina akamjibu kuwa wageni wanatoka mbali. "Sasa mtu akishasema mgeni," akasema Musyoka, "fundi atasema nini?"

Nilipomweleza kuhusu ruzuku alivua kofia. Bila kuombwa alichukua nyundo, akang'oa bawaba, na yeye na mkewe wakanisaidia kuupakia mlango kwenye pikapu. Ghala likabaki wazi. Mkewe aliziba kwa gunia, akanipa maziwa ya mgando ninywe kabla sijaondoka. Niliwaachia machungwa yote niliyokuwa nayo, na bado niliona aibu.

Jumatano, alasiri. Zaina alikuwa uani anachambua mchele wa pilau ya mgeni. Aliposikia kishindo cha mlango ukishushwa alitoka, akauangalia ukiwa umeegemea ukuta mweupe, akaniuliza kwa nini nimerudisha takataka. Nikakaa chini kwenye mkeka wake nikamwambia. Sikumficha lolote. Nilimwambia wageni hawa hawakuwa wakija kuona nyumba nzuri, walikuwa wakija kuona nyumba za zamani zikiwa za zamani, na kwamba kumi zilitakiwa, na zimebaki tano, na ya mama si mojawapo. Nikamwambia kosa ni langu kwa kuwa sikumweleza.

Aliendelea kuchambua mchele. Alitoa kijiwe kimoja, akakiweka kando, akatoa kingine.

"Sikujua kuna watu wanasafiri kuja kutazama nyumba kuukuu," akasema mwishowe. "Kama kuna mtu anaitaka ile nyumba ya zamani, mbona asingekuja tulipokuwa tunanyeshewa?"

Nilitaka anitukane, ingekuwa rahisi. Badala yake aliniuliza kama mkaguzi anakula mbuzi au kuku. Nikasema sijui. Akasema basi atapika vyote viwili, kwa sababu chakula hakina kosa.

Alhamisi, saa nne. Mkaguzi alikuja na gari dogo, peke yake. Alikuwa binti wa kutoka upande wa Murang'a, jina lake Njoki, mtaalamu wa majengo, mpole, mwenye viatu vya kutembelea. Alishuka akasimama. Nikaona macho yake yanatafuta kitu, yanapita ukuta hadi ukuta, kisha yanashuka kwenye karatasi zake, kisha yanarudi. Nilimsogelea na picha za Kioko mkononi. Nilikuwa nimejipanga kumwomba azikubali picha badala ya kuta, na nikiwa mkweli nilikuwa nimefikiria hata uongo wa kuongezea. Lakini Zaina alinitangulia.

Alimshika Njoki mkono kama anavyoshikwa mkwe. Alimkaribisha, akamuuliza habari za njia na za wazazi, akamnawisha, akamlisha kwanza. Njoki alikula vizuri, hilo nitamsifu nalo. Alipomaliza Zaina akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwanangu, hapa mbele tumeharibu. Tulikuwa tunakupokea. Twende nyuma nikuonyeshe zile hatukuharibu."

Akampeleka mwenyewe kwenye nyumba tano alizozionea haya. Mama Saumu alipowaona alisimama mlangoni mwake amekunja mikono, yuko tayari kwa vita. Zaina akamsalimia yeye kwanza. Akamwomba radhi mbele ya mgeni na mbele yangu, kwa Kikamba, ili aliyepita njiani naye asikie. Kisha akamwomba ruhusa ya kuingia. Mama Saumu alitoa mkeka akautandika.

Njoki alikaa huko mpaka adhuhuri. Aligusa kuta kwa vidole viwili, akapima baraza, akachora mlango, akauliza nani alichonga, na Mama Saumu, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza lolote, alisema bila kukoma. Nilikuwa nimesimama kizingitini. Harufu ya udongo mbichi wa ndani ilinipata, ile ya mtungi na kivuli, na nilijisikia nina miaka sita. Nililia tena. Nimekuwa mtu wa kulia.

Kabla hajaondoka Njoki alinivuta kando. Alizungumza nami kwa upole kama anayezungumza na mgonjwa. Alisema ruzuku kubwa haiwezekani, sharti la nyumba kumi haliko mikononi mwake. Ipo nyingine ndogo, ya kuokoa nyumba zilizo hatarini, na ataiomba kwa ajili ya zile tano. Alisimama mbele ya mlango wetu, akapitisha mkono kwenye maua. "Huu ni mzuri kuliko yote, Mwalimu," akasema, "lakini sisi hatuwezi kuhifadhi mlango peke yake." Nikamwambia nimeelewa.

Ijumaa, asubuhi. Nilirudi kwa njia ileile. Zaina alinifungia pilau iliyobaki, akanifungia na mlango vilevile, kwa kamba na magunia, akisema yeye hana pa kuuweka. Tulipoagana hatukutaja nyumba. Aliniambia nipunguze mwendo kwenye daraja, na nikirudi tena nije na machungwa maana mara hii hakuyaonja.

Tulia sikusimama. Tawa nilisimama nimrudishie Kioko picha zake, lakini ile ya tano alikataa kuipokea. Nyumbani Baba Mutua alitazama mzigo nyuma ya gari, akatazama uso wangu, akanyamaza, na kwa ukimya ule nilimpenda upya. Mlango tuliuweka stoo. Uko huko hadi leo, umeegemea mifuko ya mbolea, na mara nyingine nikienda kuchukua jembe nakaa nao kidogo.

Sasa mnaniuliza safari ilinifunza nini. Ruzuku ndogo ilikuja. Nyumba tano za nyuma zinatengenezwa kwa udongo na chokaa, na fundi ni Musyoka. Nyumba ya mama binamu waliiuza mwezi wa tatu baada ya ukaguzi, na tingatinga lilifanya kazi yake asubuhi moja. Zaina nilimsihi aje Wote, ana chumba kwangu. Akakataa, akapanga chumba kwa Mama Saumu. Nimejifunza kwamba nilikuwa naipenda ile nyumba kutoka mbali, nikiwa nimelala kwangu penye sakafu ya vigae, na nilitaka mtu mwingine aendelee kuishi ndani ya udongo ili mimi nipate pa kukumbuka. Nimelijua hilo na bado naitamani. Kujua hakukuniponya.

Juzi nilimpigia Zaina nikamwomba radhi tena. Nilimwambia neno moja tu kutoka kwangu lingeiokoa nyumba, na neno hilo sikulisema, na sijui nitalilipaje. Nikasikia mtu anatwanga karibu naye.

"Rukia," akasema, "mimi nimelala miezi mitatu ndani ya nyumba nzuri. Mama hakupata hata siku moja. Kwa miezi hiyo mitatu usiniombe radhi."